Kazimoto Ana Muda Sana wa Kufikiri

Mdogo wangu alinirudishia Kichwamaji siku ya nne. Alikiweka kitabu juu ya kabati la vyombo, akafuta mikono kwenye khanga, akasema: "Dada, huyu Kazimoto ana muda sana wa kufikiri." Halafu akaenda kulala. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, jua la Kondoa halijazama sawasawa, na ndivyo alivyofanya kila siku ya likizo ile ya wiki mbili.

Nilikasirika kidogo, lazima nikiri. Riwaya ile nilikuwa nimempa kama dawa. Yeye yuko mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi na ukunga, chuo kiko mbali na nyumbani, na kabla hajafika mama alikuwa amenipigia simu: mwenzako anarudi, amekonda, haongei, sijui ni mapenzi au ni shule. Mimi nilisoma fasihi. Watu wa aina yangu tukiona mtu anaumwa roho tunampa kitabu, kama wengine wanavyotoa Panadol. Nikajiuliza nani atamfaa zaidi ya Kezilahabi. Mwanafunzi wa chuo kikuu, yuko likizo, yuko kwao, kichwa kimejaa. Hata mazingira yanafanana.

Lakini hukumu yake imenikalia tangu siku ile. Nimejikuta navitoa vitabu kwenye sanduku na kuvisoma upya kwa swali ambalo darasani hatukuwahi kuulizwa: mwanafunzi anayejifunza kutibu watu yuko wapi katika maandishi yetu?

Tuanze na Kazimoto mwenyewe. Kichwamaji ilitoka 1974, miaka mitatu baada ya Rosa Mistika, na hadi leo ndiyo riwaya tunayoikimbilia tukitaka kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuisema nafsi iliyochoka. Kazimoto anatoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, anarudi kwao Ukerewe, na Manase, mtu aliyesoma naye ambaye sasa ni Mkuu wa Wilaya, ameiachia familia yake kovu. Misiba inafuatana. Kazimoto anatazama, anatembea, anabishana juu ya Mungu na juu ya maana ya kuishi, anaoa, na mwisho wake wengi mnaujua. Kezilahabi alitupa kijana ambaye ugonjwa wake ni fikra. Kila kinachomtokea kinageuka kuwa swali, na kila swali linamrudisha ndani zaidi.

Mdogo wangu hana shida ya maswali. Shida yake, alivyoieleza kesho yake huku akichambua choroko, ni kwamba anaamka saa kumi na moja alfajiri, saa moja kamili yuko wodini, mchana yuko darasani, na usiku ana logibuku ya kujaza. Kila kazi aliyoifanya kwa mikono yake, iwe kuweka kanula, kusafisha kidonda au kuzalisha, lazima isainiwe na mtu aliyemsimamia, na huyo mtu ana wagonjwa wake na hana hata nafasi ya kutafuta kalamu. "Ningepata saa moja ya kukaa ufukweni nijiulize kama Mungu yupo au hayupo," alisema, "ningelala."

Nilijaribu kumtetea mwandishi wangu. Akanionyesha ukurasa aliokuwa ameupigia mstari kwa biro, kwenye kitabu changu, bila kuniomba. Ulikuwa pale riwaya inapogusa pengo kati ya msomi na watu wa kwao. "Hapa tu ndipo aliponijua," alisema. Na kweli, tangu ashuke kwenye basi watu walikuwa wanaingia uani kwetu mmoja mmoja. Huyu ameleta mguu uliovimba, yule karatasi ya vipimo ya mwaka juzi, mwingine mtoto anayekohoa. Sista, nitazamie hii. Ana miaka ishirini na moja. Anasema wodini haruhusiwi kugusa dawa bila msimamizi, lakini uani kwa mama yake ni daktari bingwa. Akikosea wodini atakosa alama. Akikosea uani atakuwa amemdhuru jirani aliyemlea.

Miaka mitatu kabla ya Kichwamaji, Ebrahim Hussein alikuwa ameandika Mashetani. Kitaru na Juma ni wanafunzi wa chuo kikuu, wanacheza mchezo wa binadamu na shetani chini ya mbuyu, na Kitaru anaugua ugonjwa ambao si wa mwili. Tulifundishwa kuusoma ugonjwa huo kama historia: ukoloni ulioondoka mlangoni ukarudi dirishani. Sipingi. Ila nikiziweka kazi hizi mbili pamoja naona jambo ambalo nililiruka nilipokuwa nasomea mtihani. Katika zote mbili mwanafunzi ndiye mgonjwa. Msomi wa Kiswahili anaruhusiwa kuumwa, tena kwa ufasaha mkubwa, lakini yule aliyesimama pembeni ya kitanda akiwa ameshika faili hana historia. Katika vitabu vyetu vingi daktari huingia, husema neno lake, hutoka. Muuguzi, akiwapo, ni sauti inayosema muda wa kuwaona wagonjwa umekwisha.

Ukivuka mpaka na lugha, Margaret Ogola, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa watoto, aliwapeleka Aoro na Wandia chuo cha udaktari katika The River and the Source ya 1994. Wanashindana darasani, baadaye wanaoana. Naipenda riwaya hiyo, lakini chuo pale ni ngazi ya ukoo unaopanda, na ushindani wao unaliwa na mapenzi kabla haujamuumiza mtu. Mdogo wangu aliniuliza kama wale wawili waliwahi kupata sapu.

Vinavyozunguka kwenye simu za wanafunzi wa udaktari ni vingine. The House of God ya Samuel Shem, 1978, kuhusu watarajali wa hospitali moja ya Marekani ambao wana jina la dharau kwa wazee wasiopona wala kufa, na ambao mwenzao mmoja anajiua kabla mwaka haujaisha. This Is Going to Hurt ya Adam Kay, 2017, shajara za daktari wa uzazi Uingereza. Vinachekesha mpaka unaona aibu. Nilivisoma vyote viwili kwa usiku chache, na kilichonibakia ni kwamba kicheko chao kinaelekea mlangoni. Kay aliacha udaktari akawa mwandishi wa vichekesho, na tayari unasoma ukijua kwamba ameacha. Anaweza kusema yote kwa sababu harudi zamu kesho. Binti wa Kondoa ambaye ada yake ilitoka kwenye magunia ya alizeti na ng'ombe wawili hana mlango huo. Akicheka, anacheka akiwa bado ndani.

Na wanacheka kweli. Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba nilikuwa natafuta fasihi mahali pabaya. Msikilize mwanafunzi wa chuo cha afya wa Tanzania kwa nusu saa. Mtihani wa marudio ni sapu. Kufukuzwa kwa sababu ya alama ni kudisko, kana kwamba mtu ameitwa kwenda kucheza muziki. Makaratasi ya kukariri ni madesa, kukesha nayo ni kupiga msuli. Mtihani wa vitendo wa kupita kituo kwa kituo kengele ikilia, ambao Ronald Harden aliubuni kule Dundee miaka ya 1970 ili kila mtahiniwa apimwe kwa haki ileile, wao wanauita oski, na wanauigiza bwenini: mmoja mgonjwa, mmoja msimamizi aliyenuna, mmoja anagonga sufuria kwa kijiko badala ya kengele. Mdogo wangu aliniigizia peke yake, nafasi zote tatu, mpaka mama akaja kuuliza kuna nini.

Linganisha utajiri huo na neno tunalowapa sisi wenye vipaza sauti. Msongo wa mawazo. Nimelitafakari hili neno kuliko linavyostahili, pengine. Wahandisi wana mkazo, wanaisimu wana mkazo, lakini ilipofika zamu ya nafsi tukachagua msongo, kutoka kusonga. Si uchaguzi mbaya. Kusonga ni kubana, kama mtu aliyesongwa na umati stendi. Kusonga pia ni kusonga ugali, na aliyewahi kusonga ugali wa uwele kwa watu kumi anajua kwamba pale mwiko unapokuwa mzito ndipo hutakiwi kuacha, maana ukiacha unaungua. Na kusonga ni kwenda mbele. Neno lenyewe lina kazi ndani yake, lina mikono, lina moto. Kisha tukaliongezea "wa mawazo", na kila kitu kikahamia kichwani. Kana kwamba kinachombana mwanafunzi ni mawazo yake, na akiyapanga vizuri, akinywa maji ya kutosha, akalala mapema, atapona. Ni ugonjwa wa Kazimoto huo, anaandikiwa mtu mwingine.

Wenyewe hawalitumii sana. Wanasema nimevurugwa. Sikiliza umbo la kitenzi: kuna aliyevuruga.

Alikuja na karatasi pia, mdogo wangu, imekunjwa ndani ya daftari. Mtafiti alikuwa amepita chuoni kugawa dodoso, na yeye alichukua nakala mbili kwa makosa. Mimi nikaisoma kama ninavyosoma shairi, kwa sababu sijui namna nyingine. Ilikuwa na maswali mafupi juu ya mwezi uliopita: mara ngapi umejisikia hivi, mara ngapi umeshindwa vile, weka alama kwenye sifuri mpaka nne. Nafsi ya kwanza umoja, wakati uliopita, hakuna mahali, hakuna mtu wa pili. Kama umbo la maandishi, linafanana kwa kushangaza na sura za Kazimoto akiwa peke yake.

Sidharau kazi hiyo. Bila madodoso tusingejua lolote kwa namba. Mwaka 2016 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti karibu 200 kutoka nchi zaidi ya 40, ukaona asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari wana sonona au dalili zake, na asilimia 11.1 wamewahi kupata mawazo ya kujiua. Namba iliyonikamata zaidi ni ya tatu: kati ya waliobainika kuwa na sonona, waliotafuta matibabu walikuwa asilimia 15.7. Watu wanaosomea kutibu, ndani ya majengo ya kutibia, na wengi wao hawaendi kugonga mlango wa chumba cha pili. Na hao ni wanafunzi wa udaktari tu. Wa stashahada ya uuguzi, wa maabara, wa tiba ya kliniki, hawamo kwenye hesabu hiyo.

Nilimuuliza mdogo wangu alijibu nini. Alijibu sifuri kila mahali. "Jina hatukuandika," alisema, "ila mwandiko wangu mwalimu anaujua." Kwenye dodoso lenye viduara vya kutia alama hakuna mwandiko wa kujulikana. Nilimwambia hivyo. Akanitazama kama mtu anayetazama mgeni.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wa sheria na mikataba watalifurahia. Shirika la Afya Duniani lilipouweka uchovu wa kazi katika orodha yake ya kimataifa iliyoanza kutumika Januari 2022, liliufafanua kama jambo la mazingira ya ajira peke yake, lisilopaswa kutumika kueleza maeneo mengine ya maisha. Mwanafunzi aliyefanya zamu ya usiku, akageuza wagonjwa, akabeba vyombo, akapima presha za wodi nzima, si mwajiriwa. Kwa kufuata herufi, hawezi kuchoka kazi, maana hana kazi. Ana mafunzo.

Viapo navyo ni maandishi, na huwa tunavisikia tu kwenye mahafali tukiwa tumeshika maua ya plastiki. Kile kinachobeba jina la Florence Nightingale hakikuandikwa naye. Kiliandikwa 1893 katika chuo cha uuguzi cha Detroit, na kazi hiyo huhusishwa na Lystra Gretter, wakati Nightingale mwenyewe bado yu hai. Ukikisoma polepole unaona kwamba muuguzi anatajwa ndani yake hasa kama hatari: aepuke hiki, asitumie kile, asitoboe siri. Mwili wake unaochoka haumo. Kiapo cha madaktari kilichopitishwa Geneva 1948 nacho kilikaa hivyo kwa karibu miaka sabini, mpaka Oktoba 2017, huko Chicago, Chama cha Madaktari Duniani kilipoongeza kifungu kwamba daktari ataitunza afya yake mwenyewe. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Mimi jicho langu la mhakiki likaenda kwenye mwisho wa sentensi hiyo, ambapo sababu inatolewa: ili aweze kutoa huduma bora. Hata pale anaporuhusiwa kujitunza, anajitunza kwa niaba ya mtu mwingine, kama fundi anavyonoa msumeno. Ni kifungu kizuri. Bado kinaomba radhi.

Kila mtoto aliyesoma shule ya msingi Kondoa amewahi kupandishwa lori kwenda Kolo kuangalia michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia 2006. Mimi nilikwenda nikiwa darasa la sita na ninachokumbuka vizuri ni kiu. Lakini kuna mchoro mmoja ambao mwalimu alitusimamisha mbele yake: watu warefu, wembamba kama mabua, na mmoja katikati ameshikwa mikono kutoka pande mbili. Mary Leakey, aliyenakili michoro ya eneo hili mwaka 1951, aliuona kama utekaji, mtu anavutwa na wanaotaka kumchukua. Wasomaji wengine baadaye wakauona kama ngoma ya tiba: mganga amezidiwa, na wenzake wamemshika asianguke. Mwalimu wetu alisema utekaji, tukaandika utekaji. Mimi siku hizi naegemea kwa hao wa pili, ingawa sina ushahidi zaidi ya wao. Mikono ni ileile kwenye mwamba uleule. Kinachobadilika ni unachodhani wale wa pembeni wanafanya.

Sasa nije kwenye maandishi bora niliyokutana nayo juu ya jambo hili, ambayo si maandishi. Wiki tatu baada ya kurudi chuoni, mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti wa WhatsApp, dakika sita na sekunde kadhaa, saa nane na robo usiku. Ninauzungumzia kwa ruhusa yake. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko nilivyosoma sura yoyote ya Kichwamaji.

Unaanza na salamu, kwa sababu tumelelewa hivyo. Shikamoo dada, pole kwa kukuamsha, najua utaisikiliza asubuhi. Kisha kuna mlio wa bomba la maji, na mtu anapita na ndala. Anasema yuko kwenye korido ya nyuma ya wodi. Halafu anasimulia.

Kulikuwa na mzee aliyeletwa kwa rufaa kutoka pande za kwetu, amepata kiharusi. Mkewe alikuwa naye. Bibi huyo Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuza na kununua. Lugha yake ni Kirangi. Wodi nzima hakuna anayekijua, ila mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili. Siku ya kwanza daktari alimwita: muulize mzee alianza lini kuumwa. Akauliza. Siku ya pili: mwambie dawa hii hatuna, wakanunue nje. Akasema. Siku ya tatu: muulize kama kuna mtoto wa kiume wa kuzungumza naye. Hakukuwa na mtoto wa kiume wa karibu. Kwa hiyo usiku wa nne, mzee alipokata roho, walimtafuta tena. Alikuwa anapima presha upande wa pili wa wodi. Mwambie.

Hapo katika sauti kuna kimya ambacho mara ya kwanza nilidhani simu imekata.

Kisha anaeleza, kwa utulivu unaonitisha, tatizo lake la lugha. Mambo ya wodi anayajua kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya madesa. Kwa Kiswahili anaweza kuyasema mengi. Lakini Kirangi chake ni cha bibi yetu. Ni lugha ya kuamkia, ya kutumwa maji, ya kugombezwa, ya kuambiwa ukweli ukiwa umekosea. Hana ndani yake neno la oksijeni wala la moyo kusimama. Hana lugha ya kujificha nyuma yake. Angemwambia yule bibi kwa Kiingereza angekuwa muuguzi. Kwa Kirangi alikuwa mjukuu anayemwambia bibi kwamba babu amekufa.

Basi akasema kama bibi yetu alivyotuambia sisi mwaka ule, mimi nikiwa kidato cha kwanza na yeye bado hajaanza shule. Na katika ujumbe anayarudia maneno hayo kwa Kirangi, mara moja, bila kutafsiri. Mimi nimeyaelewa. Nayo nitayaacha huko alikoyasemea.

Kama mhakiki naweza kuonyesha vitu vingine. Namna Kiingereza kinavyojitokeza tu pale anapotaja vipimo, kama mtu anayevaa glavu. Namna asivyotumia hata mara moja neno lolote la hisia zake: hasemi nilihuzunika, hasemi nilichoka, anasema nilisimama, nilisema, nilikunja shuka. Kazimoto angechukua kurasa thelathini kwa usiku huo. Yeye anachukua vitenzi. Na pale ambapo ungetegemea yeye amfariji mjane, mambo yanageuka. Bibi yule alimuuliza, wewe ni mtoto wa nani? Akamtajia baba yetu, na babu, na kijiji. Bibi akatikisa kichwa, akamwambia pole, mjukuu wangu. Yeye ndiye aliyepewa pole.

Asubuhi kulikuwa na raundi. Chati ya saa kumi na mbili ya wagonjwa wanne haikuwa imejazwa. Aliulizwa kwa nini, mbele ya wenzake, na hakujua aanzie wapi, akasema samahani. Alama zilikatwa. Hilo analisema haraka, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Anachokitaja polepole ni kwamba sista wa zamu, mama mmoja mkali ambaye wanafunzi wanamkimbia, aliwahi kumfuata kule stoo ya mashuka kabla hapajakucha. Hakumwambia kitu. Alimpa kikombe cha chai kutoka kwenye chupa yake, akachukua mashine ya presha mkononi mwake, akaenda kupima mwenyewe vitanda viwili.

Vitanda viwili, wala si sita. Nilipenda kwamba aliihesabu.

Nimejaribu kuiweka habari hii kwenye lile dodoso. Katika mwezi uliopita, mara ngapi. Mara moja. Sifuri mpaka nne, labda moja. Hakuna kisanduku cha mwanafunzi aliyefanywa mdomo wa wodi kwa sababu lugha ya nyumbani kwao haifundishwi popote. Wala hakuna kisanduku cha chai. Wala katika rafu yangu hakuna riwaya yenye mtu huyu, na ninazo nyingi, na mwandishi wake pengine yuko kwenye korido fulani sasa hivi ameshika simu, betri asilimia kumi na moja, anafikiri anamtumia dada yake malalamiko tu.

Nilipomwomba ruhusa ya kuandika, nilimpigia mchana ili nisimkute zamu. Alikuwa anasomea sapu ya farmakolojia. Alinyamaza kidogo.

"Andika," alisema. "Ila usiweke jina, wala chuo. Na usiseme nilikuwa jasiri, dada, maana sikuwa. Nilikuwa nimeshika mashine ya presha tu."

Nikamwambia sitasema.

"Na ile nauli umetuma?"

Nilikuwa sijatuma.